Sauti Ndani ya Zege

Kabla hajaufungua mlango wa chumba kipya, Violeth alisikia mwanamke ndani akiita, "Baba Anitha, chakula kinapoa." Alisimama kwenye korido na beseni la mashuka kiunoni, akasubiri huyo mwanamke aitikiwe. Hakuitikiwa. Mwanamke akaita tena, safari hii kwa nguvu, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuita sana na amechoka, na hapo ndipo Violeth alipomtambua. Alikuwa yeye mwenyewe. Tena haikuwa sauti ya zamani. Ilikuwa ya siku za karibuni tu, jioni aliyopika mlenda na ugali wa uwele, mumewe akakaa barazani kumpa kisogo mpaka ugali ukakauka juu.

Akasukuma mlango. Chumbani hamkuwa na mtu. Kulikuwa na kitanda ambacho godoro lake lilikuwa bado na nailoni ya dukani, na ukuta uliopakwa rangi ya samawati. Sauti ilikuwa humo ukutani, upande wa kichwani mwa kitanda, usawa wa mtu aliyeketi.

"Na wewe umeisikia," alisema Mwamvua nyuma yake.

Mwamvua alikuwa karani wa wizara, mmoja wa wale waliohamia Dodoma na wizara zao, akajenga nyumba kando ya barabara ya kwenda Chimwaga na kuendelea kuongeza chumba kila alipopata nafasi. Violeth alimfulia nguo kila Jumamosi. Mwamvua alieleza kwamba ukuta ulianza kusema plasta ilipokauka. Mwanzo walidhani ni majirani. Kisha walidhani ni mke wa fundi, labda aliwahi kumletea mumewe chakula zege likiwa bado bichi. Yahaya, mume wa Mwamvua, alijaribu kugeuza mto akalalia upande wa miguuni, lakini bado aliitwa kula usiku kucha, na mtu anayeitwa kula usiku kucha huamka na njaa.

"Mimi hainisumbui sana," alisema Mwamvua. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Kokoto mlizitoa wapi?"

"Ng'ambo ya Msalato, kwenye ule mtambo."

"Ndiko aliko mume wangu."

Mwamvua aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa kwa nini maji yamekatika, akaenda kuendelea na pasi yake. Violeth alitandika mashuka. Alipokuwa anapiga mto, ukuta ulisema, kwa sauti nyembamba ya mtoto, "Baba Nitha. Baba Nitha, ona."

Hapo aliketi kidogo kitandani, juu ya nailoni.

Obedi, mumewe, alikuwa mlisha taya. Taya ndiyo sehemu ya mtambo inayotafuna mawe. Malori yanamwaga, na mlisha taya anasimama juu yake na mtaimbo, anasukuma jiwe lililokwama, anaelekeza lingine, na chini yake chuma kinafunga na kufunguka kutwa nzima. Ukisimama pale huwezi kuongea na mtu hata akiwa amekushika shati. Wanaume wa pale huongea kwa mikono. Wengi ni watu wa Mvumi na Bahi na Chamwino ambao mashamba yao yalikosa mvua misimu ikifuatana, na mwenye kazi nyingine ya kuwapa hakuwepo.

Walikuwa na imani yao kuhusu masikio, na kwa imani hiyo hawakuhitaji mtu wa kuwadhulumu, walisaidiana wenyewe. Mtu mpya akianza kazi, masikio yake hulia. Yanalia kazini, yanalia njiani, yanalia amelala. Wenzake walimwambia hayo ni malengelenge, kama yale ya kiganja cha mtu ambaye hajazoea jembe. Vumilia, yatakauka. Mgeni aliyejiziba masikio kwa vidole au kujifunga kitambaa walimwita mwali. Walimwimbia nyimbo za kumtoa mwali ndani, na siku moja walimfunika mmoja kanga kabisa, wakamtembeza kuzunguka lundo la kokoto akiwa analia kwa kicheko na hasira. Kisha ilikuja siku mlio ulipokoma. Siku hiyo walimnunulia soda, wakampiga mgongoni, wakasema sikio limekomaa.

Obedi sikio lake lilikomaa kabla hajamaliza mwaka. Alirudi nyumbani Chang'ombe anachekacheka, akamwambia mkewe kwamba kule ndani ya kichwa sasa ni kimya kama kanisani siku ya kazi. Violeth alifurahi naye. Alimkaangia mayai. Katika yote yaliyotokea baadaye, hayo mayai ndiyo yaliyomchoma kuliko kitu kingine.

Maana baada ya mlio, vitu vingine navyo vilianza kunyamaza, na vilinyamaza kwa mpangilio, vyembamba kwanza. Walianza nyenje. Ikafuata simu, ambayo ilimlilia mfukoni mwenyewe huku watu wakimwuliza mbona hapokei. Ikaja zamu ya kifuniko cha sufuria kinachogonga maji yakichemka. Kanisani alikuwa safu ya sauti ya tatu, na mwalimu wa kwaya alimsogeza nyuma, kisha pembeni, kisha akamwomba ashughulike na kupanga viti. Anitha alipoanza kutamka maneno, Obedi alisema mtoto huyu amewafuata watu wa kwao, wazito wa kusema. Alisema hivyo akiwa amempakata, na mtoto akiwa anamwagia maneno kama bomba lililopasuka.

Chang'ombe vyumba vimebanana, ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Violeth alizoea kupaza sauti, kwa sababu bila hivyo ni machache yaliyofika. Kila jioni mtaa mzima ulimsikia akifoka: chumvi imekwisha, mtoto ana homa, mama yako amepiga simu. Paskazia, jirani wa mlango wa pili, alimjia kwa upole na kumwambia mume hatunzwi hivyo, mwanangu, hata kama amekosa nini, mtu mzima hafokewi kuhusu chumvi. Violeth alimweleza. Paskazia akasema aa, hata wa kwake alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka, alikufa akiwa kiziwi, nao walidhani ni kiburi.

Ndipo Violeth alipomburuta Obedi hospitali. Daktari wa masikio alimtia kwenye kijumba kidogo chenye dirisha la kioo, akampigia milio, akamwambia anyooshe mkono kila atakaposikia mlio. Violeth alikaa nje ya kioo akiutazama ule mkono. Mara nyingi ulikuwa juu ya paja, umetulia, na Obedi akitazama mbele kwa utii, akingoja kazi ianze.

Daktari alisema ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti, vimesimama kama nyasi. Kelele ni ng'ombe, hupita juu yake. Wakipita mara moja nyasi huinuka tena. Wakipita kila siku, zinakufa, na hizi hazina mvua ya kuziotesha. Kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki, zile sauti nene, kama ya mkewe, kinaweza kuokolewa, ila atoke kwenye kelele au avae kinga, zile za kufunika masikio, na azivae kutwa.

Obedi alimwomba Violeth arudie, naye akarudia. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba sikio halikomai.

"Halikomai, kaka," daktari alisema, akimtazama machoni ili aone midomo. "Linakufa. Likishakufa halilii."

Obedi alimshukuru. Walipofika kwenye kituo cha bodaboda akasema kwamba wale waliomnunulia soda hawakuwa watu wabaya.

Jumamosi ile Violeth aliporudi kutoka kwa Mwamvua alimwambia Obedi habari ya ukuta. Alimwambia kwa kufoka, na Paskazia akasikia, na mtaa ukajua. Obedi hakushangaa. Alieleza, akiwa anafungua viatu, kwamba kule kazini jambo hilo lilijulikana. Sauti ikimfikia mtu ikakosa pa kuingia, hukaa juu yake, begani na kwenye kola, kama vumbi. Asubuhi mtambo ukiwashwa kila kitu hutikisika, nayo hudondoka, huangukia kwenye mkanda, inasagwa pamoja na mawe. Walikuwa wakiziona. Hawakuzitilia maanani kwa sababu vitu vingi huangukia pale, jasho, vifungo, siku moja jino la mtu. Asichokijua ni kwamba hazisagiki. Alikuwa amedhani zinaishia hapo.

Kisha akauliza, "Na Anitha yumo?"

Violeth aliinua kichwa na kukishusha, kwa uzito, ili aone.

Jumapili baada ya ibada walikwenda wote watatu. Mwamvua aliwakaribisha kama wageni wa kawaida, akawapa juisi ya zabibu, akamwonyesha Obedi chumba. Yahaya alikuwa sebuleni anasoma habari kwenye simu, alimsalimia, akasema pole bila kufafanua ya nini. Obedi alisimama mbele ya ukuta, akaweka mkono, akangoja. Hakusikia kitu. Akaweka sikio, hakusikia kitu. Kisha akaweka paji la uso. Alikuwa mrefu, ikabidi apige magoti juu ya kitanda cha watu.

Sauti zilikuwa zake, hazikuwa na haja ya kupita sikioni. Ziliingia kwa mfupa.

Violeth alizisikia kwa njia ya kawaida, akiwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alisikia simu ya mama mkwe ambayo haikupokelewa. Alisikia mvua ikianza juu ya bati. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema chumvi imekwisha, na akaona aibu kwa jinsi ilivyosikika, ilikuwa kweli kama ugomvi. Kisha ukuta ukasema Baba Nitha, Baba Nitha, kuku, Baba Nitha, kuku amekunya, na mabega ya Obedi yakaanza kutikisika.

Aligeuka. Paji la uso lilikuwa na alama ya rangi.

"Ananiita kama unavyoniita wewe," alisema.

"Siku zote."

"Nini?"

"Siku zote," Violeth alifoka, na Yahaya kule sebuleni akakohoa.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

Obedi alirudisha paji la uso ukutani. Alikaa hivyo mpaka juisi yake ikapata joto na Anitha akalala mgongoni mwa mama yake. Anitha aliye hai alikuwa amejaribu kumwita mara kadhaa, lakini Obedi alikuwa anamsikiliza yule wa masika. Alipotoka alimshukuru Mwamvua na kumwomba, kama haitakuwa usumbufu, awe anakuja Jumapili. Mwamvua alimwambia asiombe ruhusa, ni vitu vyake. Aliondoka na samawati usoni na hakuna aliyemwambia ajifute.

Lakini Yahaya alikuwa amekwisha kupiga simu kwenye kampuni yenye ule mtambo. Tusimlaumu sana Yahaya, mtu anataka usingizi.

Kampuni ilikuja haraka. Alikuja injinia William, kijana nadhifu, kofia ngumu ambayo haijawahi kuangukiwa na kitu, akiwa na gari, dereva na kipima kelele. Ilikuwa Jumamosi, Violeth yupo uani anafua. Aliitwa kuja kusogeza kitanda. Injinia alishika kile kifaa mbele ya ukuta kama anayelisha ndege. Ukuta ulisema chakula kinapoa. Injinia alisoma namba, akatikisa kichwa, akasoma tena.

Alieleza kwamba kwa chumba cha kulala hali hii haikubaliki. Mwili hauzoei kelele, hilo watu wengi hawalijui. Mtu akilala humo muda mrefu, moyo wake utachoka, usingizi utaharibika, na hatimaye hata masikio yatadhurika. Alisema kwa huruma ya kweli. Aliwaomba radhi wenye nyumba kwa niaba ya uongozi, akaahidi ukuta utavunjwa na kujengwa upya bila wao kutoa chochote, na kwa siku watakazosubiri akawakabidhi kiboksi cha vizibo vya masikio, laini, vya njano, vya kutosha mtaa.

Violeth alikuwa bado ameshika kona ya kitanda.

"Habari za kazi, injinia," alisema.

"Nzuri, dada."

"Naomba hivyo viwili tu."

"Hivi ni vya wateja."

"Mume wangu analisha taya pale kwenu."

William alimtazama kwa mara ya kwanza, akalainisha sauti. "Kule hatushauri, dada. Ni usalama wake. Akiziba masikio hatasikia filimbi ya mnyapara."

"Haisikii hata sasa."

Injinia alilifikiria jambo hilo kwa haki. "Basi hana cha kuziba," alisema.

Mwamvua aliinua macho kutoka kwenye kile kiboksi. Violeth aliiachia kona ya kitanda. Aliuliza kama basi hicho kifaa kinaweza kupelekwa kule kwenye taya, kipime, siku moja tu. William alisema kilishapelekwa. Namba zilipanda zikafika mwisho zikagoma kushuka, ikabidi kitumwe Dar es Salaam kutengenezwa. Ni kifaa nyeti, alisema. Tangu hapo waliamua wasikiweke kwenye mazingira ya namna ile.

Mwamvua alimpa Violeth vizibo vyote jioni hiyo, akavificha chini ya nguo ili Yahaya asione. Obedi alivivaa Jumatatu. Zamu haijaisha alikwisha kuvuliwa na wenzake wakiimba wimbo wa mwali, na Zablon, mnyapara, akavitupa kwenye taya mbele ya wote, kwa mujibu wa utaratibu wa filimbi.

Ukuta ulivunjwa. Mafundi wa kampuni walikuja katikati ya wiki, wakapiga nyundo kuanzia juu. Mwamvua alimpigia Violeth simu, Violeth akakimbia kwenda, na akiwa pale alisikia maneno yakivunjika katikati, Baba Ni, chaku, mvua kidogo. Aliomba kipande kimoja. Msimamizi wa mafundi alimwambia bidhaa iliyorudishwa kwa hitilafu ni mali ya kampuni, hairuhusiwi kubaki kwa mtu. Hata Mwamvua, ambaye chumba ni chake, alikatazwa. Kifusi chote kilipakiwa kwenye tipa, wakafagia hadi vumbi.

Kampuni ile haitupi kitu. Kifusi kilirudishwa mtamboni kisagwe upya, na kilifika wakati wa zamu ya Obedi. Tipa lilimwaga. Mawe yalikuja kwanza, ya kijivu, halafu likaja pande lenye samawati, halafu mengine mengi yenye samawati. Obedi alijua mara moja. Aliinua mkono kumwashiria mtu wa swichi azime, na mtu wa swichi alimwashiria kwamba hazimi mpaka mnyapara apulize, na Zablon alikuwa ameshika filimbi mdomoni anamtazama na hakupuliza. Nyuma malori mawili yalikuwa yanasubiri. Mawe yakaanza kujaa hadi magotini. Obedi akashika mtaimbo.

Jioni hakula. Alimwambia mkewe akiwa anatazama mikono yake.

"Nimemsukumia mwenyewe, mama Anitha. Nilimwona akipita."

Violeth alimjibu kitu. Hakufoka, hakuwa na nguvu, alisema kwa ile sauti yake nene ya kawaida ambayo daktari alisema inaweza kuokolewa. Obedi aliendelea kutazama mikono. Alisema tena karibu zaidi, na hapo akaona kwamba haimfiki. Hata hiyo ilikuwa imeanza kukaa begani.

Baada ya hapo nyumba nyingine nazo zikaanza kulalamika. Duka la dawa lilikuwa na mzee ndani ya nguzo akimwambia mtu kwamba ng'ombe amezaa. Nyumba ya wageni ilikuwa na mwanamke chini ya sakafu anayeomba asamehewe, na wageni wake walikuwa wanahama vyumba kwa kumwonea huruma. Jengo moja la ofisi, ghorofa zake bado zina harufu ya rangi, lilikuwa na watoto ngazini kutoka chini mpaka juu, wakiita baba, na wanaume waliokuwa wakipanda na mafaili yao walikuwa wanageuka, kila mmoja akidhani ni wa kwake. Kampuni iliona sasa hili ni tatizo. Ilichukua hatua.

Hatua yenyewe ilikuwa fagio. Kila asubuhi walinzi walisimama langoni, na kila mfanyakazi alifagiliwa mabega, kola na mgongo kabla ya kuingia, ili sauti zibaki nje. Wanaume walipanga foleni wakiwa wameinamisha shingo. Upepo wa kule ni mkali, ulizibeba zile sauti kuelekea malisho ya Zamahero, na wachungaji wa huko walizoea kuitwa kula.

Mtambo wenyewe haukuguswa. Hakuna aliyeona unahusika.

Kisha kampuni ilituma watu majumbani. Chang'ombe alitumwa Zablon mwenyewe, Jumapili jioni jua likiwa bado juu ya mapaa. Alikuja amevaa shati la ibada, kofia mkononi. Violeth alikuwa anaanua ovaroli ya Obedi kwenye kamba, safi, tayari kwa Jumatatu. Alimwamkia shikamoo. Zablon alitabasamu tu. Alimwamkia tena, na mara ya tatu kwa kufoka, na Paskazia akachungulia mlangoni kuona leo nani.

"Marahaba, mwanangu," alisema Zablon.

Alipewa kigoda, akakaa. Ujumbe wake alikuwa ameukariri, akausema wote kwa pumzi moja akitazama ukuta. Fagio lilikuwa linafanya kazi vizuri kwa maneno mepesi, salamu, mambo ya chakula, kelele za kuku. Ila yapo maneno mazito, yale mtu anayoambiwa polepole, karibu, na mtu anayemaanisha. Hayo yanaingia kwenye mishono ya nguo, fagio haliyatoi. Kwa hiyo kampuni inaziomba familia zisiwaambie wafanyakazi mambo mazito. Si amri, ni ombi. Ikiwezekana wasemeshwe kidogo tu, kwa jumla.

Violeth alikuwa ameikunja ovaroli mara nyingi zaidi ya inavyohitajika. Aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, kuhusu kinga za masikio.

"Wamesema wanalifanyia kazi," alisema Zablon.

"Na kumhamisha? Walau apelekwe kwenye malori?"

"Wamesema wanalifanyia kazi."

Obedi alikuwa ameketi palepale, kati yao, akiwatazama kwa zamu kama mtu aliye safarini asiyejua lugha ya wenyeji. Violeth alimwambia Zablon kwamba hata vizibo alivyovitupa kwenye taya vilikuwa zawadi, havikuwa vya kampuni, na kwamba kitendo kile hamsamehi. Alimwambia vilevile kwamba wao wenyewe, wenye nyimbo zao za mwali, wameifanyia kampuni kazi ya bure. Zablon hakubisha. Labda yote hayakumfika. Aliinuka, akaweka kofia, akatoka hadi uchochoroni, halafu akarudi na kusimama mlangoni.

"Ule ukuta wa barabara ya Chimwaga," alisema. "Ulikuwa na bibi mmoja ndani yake? Anasema Kigogo. Anaita Zablon."

Violeth alitikisa kichwa.

"Mama alinisemesha sana mwaka wake wa mwisho," alisema Zablon. "Alikuwa anashika mkono wangu anasema. Mimi naitikia tu, ee mama, ee mama."

"Huenda yuko kwenye nyumba nyingine, mzee," Violeth alifoka, na safari hii alijaribu kufoka kwa upole, jambo ambalo si rahisi.

Zablon alisema huenda, akaaga, akaenda zake kwenye nyumba nyingine iliyokuwa kwenye ziara yake, kuwaomba nao wanyamaze.

Jua lilishuka. Anitha alikuja kutoka kwa Paskazia akiburuta kandambili moja ya mtu mzima, akampanda baba yake magotini, akaanza kumsimulia kisa kirefu. Obedi alimtazama mdomo. Aliitikia kwa kichwa pale palipoonekana panafaa. Maneno yalimkaa begani moja baada ya jingine, na kesho asubuhi mlinzi angeyafagia, kwa sababu yalikuwa mepesi, ya kuku tu.

Violeth alimshusha mtoto. Alivuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akashika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili kama anayeshika chungu, akakilaza karibu na mdomo wake. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu majirani hawakusikia kitu. Alisema taratibu, neno kwa neno, akihakikisha hakuna lililoanguka nje.

"Unasema nini?" Obedi aliuliza.

Akaanza tena, tangu mwanzo, taratibu zaidi.

"Baba Anitha, nakuahidi. Kila jioni nitakaa hapa nikuambie walichokufanyia. Nitataja kampuni kwa jina, nitamtaja injinia, nitamtaja mwenye mtambo kwa jina lake na la baba yake. Nitasema vizibo walimpa mwenye ukuta wakakunyima wewe mwenye masikio. Nitasema walikusagisha mwanao. Sitafoka, nitasema hivihivi, iwe nzito, fagio lao lishindwe. Kesho nitawapitia wake wa wenzio mmojammoja niwafundishe kusema. Kila nyumba watakayoimwagia zege katika mji huu, kila ofisi, kila ngazi, mwenye kulala humo ataambiwa, na mwenye kupanda humo ataambiwa, mpaka wao wenyewe waje kuomba vizibo. Na hata wakija, baba Anitha, sitanyamaza."